Dredi Mpya Zinazofumuka Kila Zikioshwa: Jibu kwa Msomaji Aliye Katika Wiki ya Sita

Swali la msomaji: "Nilisokota dredi kwa mara ya kwanza wiki sita zilizopita, kwa kitana na jeli. Nywele zangu ni za kipilipili, hazijawahi kutiwa dawa ya kulainisha, na siku ile zilikuwa na urefu wa kama sentimita 8. Aliyenisokota aliniambia nisizioshe kwa miezi mitatu na nipake nta kila baada ya siku chache ili zishike haraka. Nilivumilia wiki tano, kisha muwasho ukanishinda, nikaosha, na karibu nusu yake zikafumuka. Nilirudi zikasokotwa upya na kukazwa zaidi, na sasa kwenye panja kuna vipele vidogo, wala siwezi kulalia ubavu. Je, nywele zangu hazifai kwa dredi? Nianze upya? Na nioshe au nisioshe?"

Ndugu msomaji, nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lenye haraka kuliko yote matatu uliyoyauliza. Vipele vinavyotokea panjani baada ya nywele kukazwa, pamoja na maumivu yanayokuzuia kulalia ubavu, si hatua ya kawaida ya kuanza dredi, wala si jambo ambalo kila mwenye dredi hana budi kulipitia. Ni ishara kwamba nywele za hapo zinavutwa kupita uwezo wake. Leo hii lowesha mizizi ya dredi za panjani na za juu ya paji la uso kwa maji ya uvuguvugu, kisha shika kila dredi karibu na ngozi na uizungushe kinyume cha upande iliosokotwa, nusu mzunguko au mzunguko mmoja, mpaka uhisi ngozi imelegea. Kama kuna vibanio au mipira iliyobaki, itoe yote. Kwa wiki mbili au tatu zijazo usizifunge nyuma wala kuzikusanya utosini, na vipele usivitumbue kwa kucha. Vikijaa usaha, ngozi ikipata joto na kuvimba, au ukihisi tezi kisogoni na homa, nenda kwa daktari, kwa kuwa hapo bakteria huenda wameshaingia kwenye vitundu vya nywele na hakuna mafuta ya kupaka yatakayowatoa.

Nalisisitiza hili kwa sababu upara unaotokana na nywele kuvutwa huja polepole, na mwenyewe huwa wa mwisho kuuona. Mwanzoni nywele hurudi zenyewe zikipumzishwa. Mvuto ukiendelea kwa miezi na miaka, kitundu kinachootesha unywele huziba kwa kovu, na penye kovu nywele haioti tena. Huanzia panjani na pembezoni mwa paji la uso kwa kuwa nywele za huko ni nyembamba na chache kuliko za utosini. Maelezo ya kitabibu ya upara wa aina hii yana umri wa zaidi ya karne moja: mwaka 1907 uliandikwa juu ya wanawake wa Greenland, waliokuwa wakikusanya nywele zao utosini na kuzifunga kwa kuzikaza. Mkono mzito ndio unaouleta, uwe unasuka, unasokota au unafunga mkia, na mtu anayekuambia kwamba dredi isiyouma haijasokotwa vizuri hajui anachokifanya.

Sasa turudi kwenye maswali yako. Nywele zako zinafaa, tena zinafaa kuliko aina nyingine nyingi, ila mambo mawili yamekwenda kombo: njia iliyotumika haikulingana na urefu wa nywele zako, na ushauri uliopewa baadaye ulijengwa juu ya dhana kwamba dredi hushikishwa kwa kitu kinachopakwa. Ili uone kwa nini dhana hiyo inapotosha, ni lazima kwanza tuangalie dredi inavyojifunga.

Unywele mmoja, ukitazamwa kwa hadubini, umefunikwa na vigamba vilivyopandiana kama vigae vya paa, kingo zake zikielekea kwenye ncha. Nywele za kipilipili, tofauti na za singa, zikikatwa kati hazina umbo la duara bali zimebonyea kidogo kama utepe, na hutoka kwenye kitundu kilichopinda, ndiyo maana hujikunja tangu zinapochomoza. Kila mkunjo ni mahali ambapo unywele mwingine unaweza kunasa. Zaidi ya hayo, kichwa cha mtu mzima hupoteza kati ya nywele 50 na 100 hivi kila siku, kwa kuwa kila unywele una muda wake wa kukua, kupumzika na kung'oka. Anayechana nywele huziona kwenye kitana na kuzitupa. Kwa mwenye dredi nywele hizo hazina pa kwenda; hubaki ndani, hujizungusha kwenye zile ambazo bado zina mizizi, na ndizo zinazoishona dredi kutoka ndani. Msokoto wa siku ya kwanza huweka mipaka tu, kwamba nywele hizi zikae pamoja na zile zikae kando. Kushona kwenyewe hufanywa na nywele zinazong'oka, na kazi hiyo ina kasi yake.

Tuifanye hesabu hiyo. Chukua kichwa chenye nywele 100,000, ambazo ni kama wastani wa binadamu, kilichogawanywa katika dredi 80. Kila dredi itakuwa na nywele kama 1,250. Kichwa hicho kikipoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, basi katika siku 42, yaani wiki zako sita, kila dredi imepata kati ya nywele 26 na 52 za kushonea. Nywele 26 ndani ya 1,250! Hakuna nta wala jeli inayoweza kuiongeza idadi hiyo. Baada ya mwaka mmoja, dredi ileile itakuwa imekusanya kati ya nywele 228 na 456 zilizong'oka na kubanwa humo humo, na hapo hata ukijaribu kuifumua kwa makusudi utatumia saa nzima kwa dredi moja. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inaeleza kwa nini dredi zako zilifumuka majini bila kuwa na kasoro yoyote.

Kwa nywele kama zako, dalili za kwanza za kushika huonekana kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Katikati ya dredi, au karibu na ncha, hutokea kifundo kidogo unachokihisi kwa vidole kabla hujakiona kwa macho. Baada ya hapo huja kipindi ambacho wengi hukata tamaa: dredi huvimba, hutoa vinywele kila upande, huonekana fupi kuliko zilivyokuwa mwanzo, na nyingine husimama wima kama zimegoma. Ufupi huo hautokani na kukatika. Nywele zimejikunja ndani na kupungua urefu, kama uzi unavyopungua unapofumwa kuwa kitambaa. Kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili dredi nyingi huwa zimeshika sehemu kubwa, na hadi mwezi wa kumi na nane huwa zimekomaa na kuanza kuning'inia kwa uzito wake. Mwenye nywele za singa huenda akahitaji miaka miwili au zaidi, na huyo hawezi kutegemea msokoto peke yake, bali huanza kwa kuzichana nywele kinyumenyume kuelekea kwenye mzizi au kwa kutumia kulabu ya kufumia.

Kuhusu njia. Msokoto wa kitana, ambao unywele huviringishwa kwa ncha ya kitana hadi ukawa kama springi, hufaa sana nywele fupi za sentimita 2 hadi 5. Nywele zikiwa ndefu zaidi ya hapo, uzito wake wenyewe huuvuta msokoto na kuuzungusha kurudi ulikotoka, na kinachoushikilia ni jeli iliyokauka tu. Jeli hiyo ikikutana na maji huyeyuka, na msokoto hauna tena wa kuushika. Kwa sentimita 8 mimi ningetumia msokoto wa nyuzi mbili, ambao mafungu mawili ya nywele husokotwa kila moja upande mmoja kisha yakapindwa pamoja kwa upande wa pili, kama kamba inavyosokotwa. Kamba hiyo hujikaza yenyewe kwa kuwa nguvu za pande mbili hupingana, na huvumilia maji vizuri zaidi. Kasoro yake ni kwamba mchoro wa kamba huonekana kwa miezi mingi, pengine hata mwaka, kabla dredi haijawa ya mviringo. Kasoro hiyo ni ya macho tu na huisha. Wengine husuka mabutu ya nyuzi tatu badala yake, nayo hushika, ingawa huchelewa kuwa ya mviringo kuliko msokoto.

Kwa hiyo usianze upya kichwa kizima. Dredi zilizobaki baada ya kuoshwa ziache kama zilivyo, maana zimeshapata wiki sita za kujishona na hakuna faida ya kuzirudisha nyuma. Zile zilizofumuka, mara utakapoosha tena na ikiwa bado haziwezi kusimama, zigeuze kuwa msokoto wa nyuzi mbili zikiwa na unyevunyevu, ukianzia kisogoni na kuziacha za panjani ziwe za mwisho, au usiziguse kabisa mpaka vipele vikauke. Kichwa chenye dredi za mianzo miwili kitaonekana cha kuchekesha kwa muda, lakini zikikomaa tofauti hiyo haitambuliki.

Katika suala la kuosha, aliyekusokota na mimi tunatofautiana, ingawa ushauri wake una chanzo kinachoeleweka. Msokoto mchanga hulegea ukilowa, hivyo ni kweli kwamba ukiosha mara tu baada ya kusokota utaharibu kazi. Mapumziko ya wiki mbili hadi nne za mwanzo yana maana. Kuyarefusha hadi miezi mitatu ni kuumiza ngozi bila kupata chochote. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta na jasho kila siku, na juu yake wanaishi kuvu wadogo sana, ambao wako kwa kila mtu na hula mafuta hayo. Wakizidi, ngozi hukasirika, huwasha na kutoa mba. Mafuta hayohayo hutelezesha nywele, vigamba vyake visikwaruzane, na nywele zinazoteleza hazinasi. Nywele safi ndiyo inayoshika. Ndiyo maana tangu sasa nakushauri uoshe kila baada ya wiki moja hadi mbili, ukisogea kuelekea wiki moja kama unatoka jasho jingi.

Namna ya kuosha katika miezi hii ya mwanzo ina mambo yake. Vaa kichwani soksi nyembamba ya kike au wavu mwembamba wa nywele, ili dredi zisitawanyike. Chukua shampuu isiyoacha mabaki, yaani ile nyepesi inayopenyeza mwanga na isiyo na rangi ya maziwa wala ahadi ya kulainisha, uichanganye na maji kwa kiasi cha sehemu moja kwa tatu au nne kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, kisha imimine moja kwa moja kwenye mistari ya ngozi iliyo kati ya dredi. Sugua ngozi kwa nyama za vidole, juu ya wavu huo, kwa mwendo mfupi wa kwenda na kurudi, bila kucha. Dredi zenyewe usizisugue; povu linaloteremka likibanwa kwa kiganja linatosha kuzisafisha. Suuza mpaka maji yatoke maangavu, kisha suuza tena kwa muda uleule, kwa sababu sabuni iliyobaki ndani ya dredi hukauka na kuwa chenga nyeupe ambazo watu wengi hudhani ni mba. Kondishena iache kwanza hadi dredi zimeshika, kwa kuwa kazi yake ni kulaza vigamba na kuzifanya nywele ziteleze, na hilo silo unalolitaka kwa sasa.

Kukausha ni sehemu ya kuosha, na hapa ndipo dredi za watu wazima wenye bidii huharibika. Bana maji kwa fulana ya zamani ya pamba, wala si kwa taulo lenye manyoya, kisha acha upepo au jua vifanye kazi, au tumia mashine ya kukaushia nywele kwa joto la wastani. Osha asubuhi, kamwe usioshe kabla ya kulala. Dredi zako sasa ni nyembamba na hukauka kwa saa chache, hivyo tabia hii inaweza kuonekana ya kupitiliza, lakini baada ya miaka miwili dredi nene inaweza kuwa kavu kwa nje na kubeba unyevu katikati siku nzima. Unyevu unaokaa humo huzaa ukungu, ukungu hutoa harufu ya nguo zilizoachwa ndani ya ndoo, na ukiwa umeingia katikati ya dredi ni vigumu mno kuutoa bila kukata.

Nta nayo inahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa umeshaipaka. Nta ya nyuki huyeyuka ikifikia nyuzi joto 62 hadi 64 hivi za Selsiasi, na haichanganyiki na maji. Maji ambayo ngozi ya kichwa inaweza kuyavumilia hayakaribii joto hilo. Ukiwa na maji ya kuyeyusha nta, utakuwa na maji ya kuunguza mtu. Maana yake ni kwamba kila unachopaka kinabaki, kila upakapo kinaongezeka, na kwa kuwa kinanata kinakusanya vumbi, nyuzi za nguo na ngozi iliyokufa. Dredi ya nta huonekana imeshika, kumbe imegandishwa, na nywele zilizogandishwa haziwezi kusogea ili zisukane. Mimi mwenyewe, katika dredi zangu za kwanza, nilitumia nta kwa karibu mwaka mmoja kwa imani kubwa. Nilipokata moja na kuipasua, ndani nilikuta uzi wa kijivu, laini kama mshumaa uliookotwa chini ya kitanda.

Kwa bahati nzuri nta yako ni ya wiki chache na iko juujuu. Siku moja kabla ya kuosha, paka dredi zilizonata mafuta mepesi kidogo, kwa sababu nta hulainika kwenye mafuta, uyaache dakika 20, kisha izungushie dredi karatasi laini ya tishu na uipulizie joto la mashine ya kukaushia nywele kwa sekunde chache, mbali na ngozi. Utaona karatasi ikifyonza. Rudia kwa karatasi mpya, halafu osha kwa shampuu mara mbili. Haitatoka yote kwa siku moja. Baada ya mioshwo mitatu au minne mnato unapaswa kuwa umekwisha, na dredi itakayoendelea kunata ifumue, uisafishe ikiwa wazi, na uisokote upya, kwani umri wake bado ni mdogo na hasara si kubwa.

Badala ya nta, jeli ya shubiri au jeli yoyote nyepesi inayoyeyuka majini inatosha, tena kwa siku ya kusokota tu. Kwa siku za kawaida kinachohitajika ni maji yanayopulizwa kama ukungu, na baada yake matone machache ya mafuta mepesi kwenye ngozi, mara moja au mbili kwa wiki. Maji ndiyo yanayolainisha, mafuta huyazuia yasipotee haraka. Mafuta juu ya nywele kavu hufunika ukavu uliopo. Mafuta ya nazi ni mazuri, ila huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na katika majira ya baridi yanaweza kukaa ndani ya dredi kama chembe nyeupe. Mafuta ya nyonyo ni mazito, yachanganye na mengine au uyaache. Wako wanaopendekeza chumvi, siki na soda ya kuokea. Chumvi hukausha nywele hadi zikakatika. Siki iliyochanganywa na maji mengi haina madhara makubwa mara moja moja. Soda, ambayo ina ualkali wa juu kuliko ngozi ya kichwa iliyozoea tindikali kidogo, hunyanyua vigamba na kuacha nywele zikiwa kavu na dhaifu, na sioni sababu ya kuipaka kwenye dredi zenye wiki sita.

Kusokota upya mizizi ndiko kunakowashawishi wengi kuzidisha, kwa sababu kichwa kilichotoka kusokotwa huonekana nadhifu na mtu hutaka kibaki hivyo. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Ukisokota kila wiki unakuwa na milimita mbili au tatu za nywele mpya, ambazo haziwezi kusokotwa, kwa hiyo kinachozungushwa ni mzizi uleule uliokwisha kuzungushwa, na mwisho wake ni dredi iliyosinyaa karibu na ngozi kama shingo ya kibuyu. Subiri wiki nne hadi sita. Kwa hali yako, kwa kuwa zimekazwa majuzi, subiri wiki sita kamili, na za panjani hata nane. Fuata upande mmoja siku zote. Dredi iliyosokotwa kulia leo na kushoto mwezi ujao hufunguliwa na mkono uleule unaodai kuifunga. Sokota mpaka mzizi ukae, ukomee hapo. Ukigeuza kichwa na kuhisi ngozi ikikwama, umepita kiasi.

Huenda ukashauriwa kuacha msokoto na kupitisha ncha ya dredi kwenye mzizi wake kwa kulabu, ili maji yasifumue tena. Njia hiyo ni imara, na kwa anayeogelea au kufanya mazoezi mazito kila siku naipendekeza. Lakini haina uvumilivu kwa mkono usiozoea: ncha ikipitishwa upande uleule kila mara, mzizi hugawanyika na kuacha tundu, hivyo ni lazima kubadili pande kwa zamu, juu kwenda chini, kulia kwenda kushoto, na kinyume chake. Pia hukaza kuliko vidole vinavyoweza kukaza. Kwa kichwa chenye vipele sasa hivi, hapana.

Hukutaja ukubwa wa viwanja, yaani vile visanduku vya ngozi ambavyo kila dredi imepandwa. Kipime kimoja kwa rula. Sentimita 1 hadi 1 na nusu kila upande ni ukubwa salama kwa dredi za kawaida, na panjani ni heri viwe vikubwa kidogo, ili uzito ubebwe na nywele nyingi zaidi. Dredi hurefuka na kunenepa lakini kiwanja chake hakiongezeki, na dredi ndefu iliyoning'inia kwenye mzizi mwembamba kuliko penseli iko siku itakatika. Ukikuta viwanja vya panjani ni vidogo mno, unganisha viwili viwili mapema, wakati dredi bado ni laini. Na kila baada ya kuosha, zikiwa na unyevu, zitenganishe dredi zinazoanza kuungana mizizini kwa kuzivuta taratibu, moja huku na moja kule. Kazi hii ni ya dakika kumi. Ukiiruka miezi mitatu itahitaji mkasi.

Wakati wa kulala funika kichwa kwa kitambaa cha satini au hariri kisichobana, au uvishe mto foronya ya satini. Sababu yake si urembo: sufi na taulo huacha nyuzi ndogo ambazo dredi changa huzimeza na kuzishonea ndani, na pamba hunyonya unyevu wa nywele usiku kucha. Rangi ya nywele iahirishe hadi mwaka upite, kwa kuwa dawa inayofungua vigamba na kuondoa rangi ya asili hudhoofisha nywele zinazotakiwa kubeba uzito.

Sasa muwasho. Wiki tano bila kuosha, pamoja na nta na jeli, zinatosha kuueleza, na ninatarajia upungue sana baada ya mioshwo miwili. Usipopungua baada ya wiki tatu au nne za kuosha vizuri, na ukiona mba nyingi zenye mafuta, tumia shampuu ya mba yenye ketokonazoli au zinki, ukiiacha kichwani dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuza, mara mbili kwa wiki kwa wiki chache. Ukiona mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika karibu na ngozi, hayo huenda ni mapunye, na mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka, kwa kuwa kuvu wake wamo ndani ya unywele wenyewe. Huhitaji dawa ya kumeza itakayotolewa na daktari, na wote mnaotumia kitana au kilemba kimoja mchunguzwe.

Kwa hiyo wiki hii legeza panja na uache kugusa. Wiki ijayo, vipele vikiwa vimekauka, toa nta na uoshe ukiwa na wavu kichwani, ukijua kwamba baadhi zitafumuka tena, pengine theluthi, na zigeuze hizo kuwa nyuzi mbili. Mwoshwo utakaofuata zitafumuka chache zaidi. Ncha zitaendelea kufunguka kwa miezi kadhaa, nazo huwa za mwisho kushika, hivyo usizifunge kwa mpira wala kuzichoma. Karibu na mwezi wa nne chagua dredi moja ya utosini, uibonyeze katikati kwa vidole viwili: ukikuta kifundo kigumu kama punje, imeanza, ukikuta bado ni laini kama usufi, ioshe, ikaushe, uiache.